Jibu: Kotisoli (homoni ya msongo) iko juu, lakini hana dalili za Cushing (ugonjwa wa kotisoli kuzidi)

Dada wa Kisumu, umeuliza mbona bintiyo ana kotisoli na presha juu, potasiamu chini, ila uso haujavimba wala hana michirizi ya zambarau. Kwanza, anameza tembe za kupanga uzazi? Estrojeni, homoni iliyo ndani ya nyingi ya tembe hizo, hupandisha kipimo cha kotisoli ya damu bila ugonjwa wowote. Pimeni mkojo wa saa 24: wa kwanza asubuhi umwagwe, ukusanywe wote unaofuata hadi wa kwanza wa kesho yake.

Ikibaki juu, mi nashuku jeni ya NR3C1, inayotengeneza kipokezi cha kotisoli (sehemu ya seli inayoipokea). Kipokezi kikiharibika, ubongo hauisikii kotisoli, ACTH (homoni inayoziamuru adrenali, tezi za juu ya figo, zitoe kotisoli) inapanda, nazo adrenali zinazidisha pia homoni za chumvi (ndiyo hiyo presha) na za kiume: chunusi, ndevu. Nakala moja mbovu ya jeni hiyo yatosha. Hutibiwa kwa deksamethasoni (dawa inayofanya kazi kama kotisoli, huishusha ACTH), mara nyingi miligramu 1–3 kwa siku, chini ya daktari wa homoni. Upasuaji wa adrenali msikubali haraka.