Kwa Anayeanza Kusimamia Majengo ya Fleti: Piga Hesabu ya Kinachobaki

Anayeingia katika kazi hii mara nyingi hukabidhiwa mambo matatu kana kwamba hayahusiani: wapangaji na mafundi upande mmoja, matangazo na madalali upande wa pili, na michoro ya msanifu majengo upande wa tatu. Uzoefu umenifundisha kwamba yote hayo ni kazi moja, na kipimo chake ni kimoja, nacho ni fedha inayobaki baada ya jengo kujilipia gharama zake zote. Kodi iliyoandikwa kwenye tangazo haitoshi kukuambia hilo. Uchumi ukiwa tulivu, mtu anaweza kuendesha jengo kwa miaka bila kuitambua tofauti hiyo. Riba na bei za vifaa zinapopanda, au wapangaji wanapopunguziwa mishahara, ndipo inapoonekana ni mwenye nyumba yupi aliyekuwa akiitazama.

Tuseme jengo likijaa lote huingiza 100 kwa mwezi. Gharama za uendeshaji, yaani mishahara ya walinzi na wasafishaji, umeme wa korido na pampu, bima, matengenezo na ushuru wa serikali, hula 40. Marejesho ya mkopo hula 45, na mwenye jengo hubaki na 15. Sasa fleti moja katika kila kumi ikibaki tupu, mapato hushuka hadi 90, lakini mlinzi halipwi pungufu kwa sababu ghorofa ya tatu kuna mlango uliofungwa, wala benki haipunguzi marejesho. Kinachobaki ni 5. Upungufu wa asilimia 10 katika mapato umemeza theluthi mbili za faida, na hapo bei ya dizeli ya jenereta haijapanda wala pampu haijaungua.

Hesabu hiyo ndiyo inayonifanya niwasihi wanaoanza wamthamini mpangaji aliyepo kabla ya kumtafuta mpya. Mpangaji anayelipa 100 kwa mwezi hukupa 1,200 kwa mwaka. Ukimpandishia kodi kwa asilimia 10 naye akahama, fleti ikakaa tupu mwezi mmoja tu, mpangaji mpya atakulipa 110 kwa miezi 11, yaani 1,210. Ukitoa gharama ya rangi, fundi na ujira wa dalali, umerudi nyuma. Ikikaa tupu miezi miwili utapata 1,100, na ujira wa dalali bado. Sisemi kodi isipandishwe kabisa, kwa maana gharama zikipanda mwaka baada ya mwaka na kodi ikabaki palepale, fedha za matengenezo ndizo zitakazokosekana kwanza. Ninachosema ni kwamba nyongeza ndogo ya kila mwaka, iliyotajwa waziwazi katika mkataba tangu mwanzo, hubebeka kuliko nyongeza kubwa inayomshukia mtu ghafla baada ya ukimya wa muda mrefu. Zungumza naye miezi mitatu hivi kabla ya mkataba kwisha, kabla hajaanza kutembelea fleti za wengine. Na usiache mikataba mingi iishe mwezi mmoja, kwa sababu mwezi huo ukiangukia msimu ambao watu hawahami, utajikuta na milango mingi iliyofungwa kwa wakati mmoja.

Anayechelewa kulipa naye anahitaji mazungumzo ya mapema. Mpigie simu ndani ya wiki ya kwanza, umsikilize, na mkikubaliana alipe kwa awamu, makubaliano hayo yaandikwe na kutiwa saini na pande zote mbili. Deni la mwezi mmoja hulipika, lakini la miezi minne aghalabu huishia kwa mtu kuhama usiku. Kumkatia maji au kumbadilishia kitasa ni kosa la kisheria katika nchi nyingi, na hata pale ambapo sheria imenyamaza, ni kumvunjia mtu heshima mbele ya watoto wake katika mahali anapopaita nyumbani. Isome sheria ya upangaji ya mahali ulipo kabla hujapokea hata amana ya kwanza.

Kwa nilivyoona, wapangaji wazuri huondoka zaidi kwa sababu ya matengenezo yanayopuuzwa kuliko kwa sababu ya kodi. Kila ombi la fundi liandikwe siku lilipoletwa na siku lilipomalizika, na daftari hilo lipitiwe kila wiki. Chukua choo kinachovuja kimyakimya. Kizibo cha mpira kilicho ndani ya tangi la choo huchakaa, maji yakapenya taratibu hadi kwenye bakuli bila mtu kusikia lolote. Tia matone machache ya rangi ya chakula ndani ya tangi, usivute maji kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikionekana humo, kizibo hakizibi tena, na kukibadilisha ni kazi ndogo yenye kipuri cha bei ndogo. Kwa jengo zima, hakikisha kwanza kwamba matangi ya juu yamejaa, kisha soma mita kuu usiku wa manane watu wakiwa wamelala, na uisome tena kabla ya alfajiri. Ikiwa imesogea sana, kuna bomba au koki inayomwaga fedha ardhini. Wengi hukimbilia kupandisha ada ya huduma kabla hawajafanya uchunguzi huu ambao hauhitaji mtaalamu.

Kuhusu matangazo, jifunze kusoma mahali mnyororo unapokatika. Andika ni watu wangapi walioulizia, wangapi waliokuja kuiona fleti, na wangapi waliosaini, pamoja na mahali walipoliona tangazo. Ikiwa wanaoulizia ni wachache, tatizo liko kwenye bei au kwenye tangazo lenyewe. Wakiulizia wengi lakini hawaji, huenda simu zinapokelewa kwa kuchelewa au majibu hayaridhishi. Wakija wengi na kuondoka bila kusaini, basi kuna jambo wanaloliona pale ambalo picha hazikulionyesha: harufu ya taka kwenye ngazi, lifti iliyokufa, giza la korido, au lugha ya anayewatembeza. Bila hesabu hiyo, utashusha kodi kumbe dawa ilikuwa balbu na ndoo ya rangi.

Picha zipigwe mchana, mapazia yakiwa wazi, na ziambatane na ramani ya vyumba yenye vipimo, ili mtu ajue kama kitanda chake kitaingia kabla hajapoteza muda wake na wako. Taja ada ya huduma, amana na mfumo wa malipo ya maji na umeme ndani ya tangazo. Anayegundua gharama iliyofichwa siku ya kusaini huanza kuishi katika jengo lako akiwa tayari hakuamini, na mtu wa namna hiyo hakai.

Usanifu ndio sehemu ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu kosa la mkataba hurekebishwa mkataba mwingine ukija, ilhali kosa la mchoro hukaa na jengo maisha yake yote. Kama una nafasi ya kukaa mezani na msanifu kabla ya ujenzi, itumie. Dai kwamba majiko na mabafu yapangwe yakifuatana kutoka ghorofa ya chini hadi ya juu, na kwamba mabomba yapite kwenye mfereji wenye kimlango cha fundi, ili kuziba uvujaji kusilazimu kubomoa vigae vya bafu la mtu. Kila fleti iwe na mita yake ya maji na ya umeme pamoja na vali yake. Gharama ya nyongeza ni ndogo wakati wa ujenzi, na inafuta ugomvi usiokwisha wa nani ametumia nini. Tazama pia ni kiasi gani cha eneo la sakafu kinachomezwa na korido na ngazi, kwa sababu unalijenga eneo hilo, unalipaka rangi na kuliwasha taa bila kulipangisha.

Mpangilio wa vyumba ndio unaoamua kama jengo litastahimili mabadiliko ya kipato cha wapangaji. Fleti ya vyumba viwili vinavyokaribiana kwa ukubwa, kila kimoja kikiwa upande wake wa sebule, inaweza kukaliwa na familia, na hali ikibana inaweza kukaliwa na marafiki wawili wanaogawana kodi bila mmoja kujiona amepunjwa. Fleti yenye chumba kimoja kikubwa na kingine kinachoishia kuwa stoo haina uwezo huo. Mwaka 2020 watu wengi walipolazimika kufanyia kazi nyumbani, pembe yenye dirisha na soketi inayotosha meza ndogo iligeuka kuwa jambo la kwanza watu kuulizia. Madirisha ya pande mbili yanayopitisha hewa, mahali pa kuanikia nguo, na kabati za ukutani ni mambo yasiyovutia sana kwenye picha, lakini ndiyo yanayomfanya mtu asaini tena.

Katika umaliziaji, chagua rangi moja ya ukuta kwa fleti zote na uandike namba yake, ili fundi aweze kugusia doa bila kupaka chumba kizima. Nunua maboksi kadhaa ya ziada ya vigae wakati wa ujenzi na uyatunze, kwa sababu vigae vya jina lilelile vilivyotengenezwa baadaye mara nyingi hutofautiana rangi na vile vya kwanza.

Mwisho kuna mkopo, ambao wasimamizi wengi hudhani si kazi yao. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, benki kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu na sifuri hadi zaidi ya asilimia 5, na wenye majengo waliokopa kwa riba inayobadilika waliona marejesho yao yakipanda bila wapangaji kulipa zaidi. Thamani ya jengo nayo hutikisika. Jengo linalobakiza 60 kwa mwaka kabla ya marejesho, wanunuzi wakitaka faida ya kila mwaka iwe asilimia 8 ya bei watakayolipa, lina thamani ya 750. Wakianza kutaka asilimia 10, thamani hushuka hadi 600, ingawa hakuna mpangaji hata mmoja aliyehama. Kwa hiyo omba kuonyeshwa mkataba wa mkopo, ujue kama riba ni ya kudumu au hubadilika na ni lini mkopo unakoma, kisha upige hesabu ya jengo lako kwa riba iliyopanda kwa pointi 2, tuseme kutoka asilimia 10 hadi 12, huku fleti moja katika kila kumi ikiwa tupu. Kama kinachobaki ni pungufu ya sifuri, peleka karatasi hiyo kwa mwenye jengo mapema, wakati benki bado iko tayari kuzungumza.