Piano ya ukumbini sio yako, izoee mapema

Vijana wanaosoma piano hawaachi kuniuliza swali lile lile, eti nifanye mazoezi masaa mangapi kwa siku ndo nije kuwa mpiga piano wa matamasha. Mi huwa nawarudishia swali: lini mara ya mwisho umepiga piano ambayo sio ya kwenu wala ya mwalimu wako? Wengi wananyamaza hapo.

Iko hivi wadogo zangu. Mpiga fidla anatembea na fidla yake, wa filimbi hivo hivo, sisi tunafika mikono mitupu. Ile Steinway kubwa ya matamasha, Model D, ina urefu wa sentimita 274 na uzito unaokaribia kilo 500, sasa nani atapanda nayo ndege? Wapo wapiga piano wakubwa waliosafirishiwa za kwao, Horowitz alikuwa hivyo, Krystian Zimerman naye, ila hao ni hao bana. Wewe na mimi tunafika mchana kwenye mji tusioujua, tunapewa saa moja ya kujaribu kama watu wa ukumbi wana roho nzuri, usiku tunakaa mbele za watu na piano tuliyojuana nayo kwa saa hiyo moja.

Mimi hili nililijua kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza wa kulipwa niliweka kwenye programu Waldstein, sonata ya piano ya Beethoven, kama unaijua unajua inavyoanza, mafungu ya noti yanarudiwa haraka haraka huku chini na sauti inatakiwa iwe ndogo kabisa, kama kitu kinachochemka kwa mbali. Piano yangu ya mazoezi ilikuwa nyepesi, nilikuwa napiga ule mwanzo hata nikiwa na usingizi. Usiku ule nikaweka mikono nikaanza, na nusu ya noti hazikutoka. Sio kwamba nilikosea, hapana, vidole vilishuka pale pale vinaposhukaga ila vibonyezo vya piano ile vilikuwa vizito zaidi na nguvu niliyotia haikutosha nyundo kufika kwenye nyuzi. Noti moja inasema, mbili kimya, moja inaropoka. Nikaongeza nguvu, ikawa sauti kubwa, nikapunguza, zikapotea tena, na wakati huo muziki unaenda hausubiri mtu.

Tofauti yenyewe ni ndogo mno, kibonyezo cha kawaida kinahitaji kama gramu 50 kushuka na kinashuka karibu milimita 10 tu, sasa ongeza gramu chache hapo uone. Na Beethoven mwenyewe aliandika akiwa na piano za enzi zake, vibonyezo vyepesi na havishuki sana, ndo maana mwishoni mwa sonata hiyo hiyo kuna mahali anataka uburuze mkono mmoja juu ya vibonyezo huku umeshika oktava, yaani noti mbili zenye jina moja, ya chini na ya juu yake, na kwenye piano za leo watu wengi wanagawana kazi na mkono wa pili.

Kinachoniuma ni kwamba saa moja ya kujaribu nilipewa. Unajua niliitumiaje? Nilipiga sehemu za makelele. Kulikuwa na mafundi wa taa na dada wa mapokezi wanasikiliza nikataka wajue leo amekuja mtu, yaani nilifanya shoo mchana.

Kwa hiyo ushauri wangu: saa hiyo anza na sehemu ya kimya kuliko zote kwenye programu yako. Halafu noti za kurudia. Halafu pedeli ya kulia, ile inayoacha noti ziendelee kulia, angalia inashika ukikanyaga kiasi gani maana kila piano ina yake, na ya kushoto, ile ya kulainisha sauti, isikie inabadilisha sauti kweli au inasogeza nyundo tu. Makelele acha, makelele yatatoka yenyewe. Kiti nacho kishushe kipandishe mapema, (mpiga piano Glenn Gould alitembea na kiti chake cha kukunja miaka yote, kifupi, kimechakaa hatari, watu walicheka lakini angalau kitu kimoja kwenye steji kilikuwa chake).

Na fundi wa piano msalimie kwanza kabla ya meneja. Ila usimwambie sauti imekosa joto sijui nini, mwambie noti ipi. Siku moja nilimwambia fundi mmoja mtu mzima, "Mzee shikamoo, hii noti ya la ya katikati inapiga kelele kuliko wenzake," akaitikia, akavuta mtambo wote wa vibonyezo na nyundo ukatoka kama droo, akachoma sindano mara tatu kwenye sufu ya nyundo ile moja ili ilainike, akarudisha. Dakika tano hazikufika na noti ikawa na adabu.

Nyumbani sasa, tafuta piano mbovu. Ya kanisani, ya shuleni, yenye kibonyezo kinachonata, pigia hapo programu yako nzima bila kusimama.

Waldstein niliirudia miaka miwili baadaye, ukumbi mwingine, piano nzito vile vile. Saa yangu ya kujaribu nilikaa na ule mwanzo tu, polepole, kimya kimya, dakika ishirini nzima, mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama piano imeharibika awaite wahusika.