Fimbo moja ya kurushia chambo bandia, nichukue ipi?

SWALI: Mtaalamu habari. Nataka kununua fimbo moja tu ya chambo bandia, ile ya rili (kifaa cha kukunjia uzi) inayokaa juu ya mpini. Vyambo nnavyo vya kila aina, kuna vidogo vya gramu 4 mpaka vizito. Naambiwa nichukue ngumu kabisa ndo inadumu, kweli?

JIBU: Nzuri kaka. Aliyekwambia hivyo kakupoteza kidogo. Fimbo ngumu ukiifungia chambo chepesi haipindi, na isipopinda hairushi, hapo unaanza kutumia nguvu za bega mwisho uzi unajisokota ndani ya rili, unakaa nusu saa unaufumua.

We tafuta ya futi 7, kama mita 2.1 hivi, nguvu ya kati kwenda nzito (zinaandikwa MH, yaani medium heavy), ambayo inapinda zaidi huku juu karibu na ncha. Watu wanachanganya hapa, nguvu ni uzito gani unatosha kuipinda, halafu kuna suala la inapindia wapi, hayo mawili ni tofauti. Ila usiziamini sana hizo herufi maana kila kiwanda kina MH yake, soma namba za uzito wa chambo juu ya mpini. Ikiwa gramu 7 hadi 28, yaani robo aunsi mpaka aunsi moja, beba.

Vile vya gramu 4 visahau kwenye fimbo hii. Kwenye rili ya juu chambo ndo kinazungusha bobini, yaani kigurudumu kinachobeba uzi, wakati wa kurusha, kikiwa chepesi bobini haiendi vizuri. Hivyo vinataka rili ya kuning'inia chini, na fimbo yake nyepesi.

Sasa fimbo inayopinda nchani inapenda ndoano moja nene, kama ya mnyoo wa plastiki, sababu ukivuta ndoano inazama fasta. Ubaya wake ni kwenye vyambo vigumu vya ndoano zenye ncha tatu, zile ni nyembamba, ukishtua fimbo kwa nguvu zinachana mdomo samaki anasepa. Dawa yake si fimbo ya pili, badili uzi tu. Ukirusha vyambo hivyo weka nailoni ambayo inavutika, uzi wa kusuka karibu hauvutiki, na samaki akigonga usishtue, endelea kuzungusha rili huku unalaza fimbo pembeni.