Eliud Mathu na kiti cha 1944: maswali yenu

Je, kweli Mathu alichaguliwa na wananchi?

Hapana. Mwafrika hakuwa na kura wakati huo. Gavana ndiye aliyemteua Oktoba 1944, mwalimu wa Kiambu aliyesoma Alliance, Fort Hare na Balliol kule Oxford, akawa Mwafrika wa kwanza katika Baraza la Kutunga Sheria la Kenya. Kabla yake Waafrika walisemewa na Wazungu, wengi wao wamisionari.

Mtu mmoja angeweza kufanya nini mle ndani?

Kwa kura, karibu hakuna: walowezi peke yao walikuwa na viti 11 vya kuchaguliwa, na maofisa wa serikali walikuwa wengi kuliko hao. Silaha yake ilikuwa kuuliza na kubishana. Ndiyo maana KAU (Kenya African Union), chama cha Waafrika, iliundwa mwezi huohuo, Harry Thuku akiwa mwenyekiti, ili asisimame bila watu nyuma yake. Serikali iliwalazimisha kuongeza neno la "masomo" katika jina, eti chama kisionekane cha siasa. Mwaka 1946 wakaliondoa.

Kipande alichokipinga kilikuwaje hasa?

Kitambulisho cha kazi cha Waafrika: karatasi yenye alama za vidole, mshahara na tarehe za kuingia na kutoka kazini, ndani ya kijikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Ubaya wenyewe ulikuwa kwenye sahihi: mwajiri asipokutia sahihi ya kuachishwa, huwezi kuandikwa kwingine, na ukiondoka tu unashtakiwa. Mwaka 1947 sheria mpya ilitaka watu wa rangi zote waandikishwe, na walowezi walipoambiwa nao watoe alama za vidole, kelele zao hazikuwa ndogo.

Mbona alishindwa uchaguzi wa 1957? Watu walimchoka?

Wapo waliomwona mpole mno kwa serikali, lakini anayeishia hapo hajasoma kanuni za kura. Mpiga kura alipimwa kwa elimu, mapato, mali na utumishi, na aliyetimiza sifa zaidi alipata hadi kura 3. Jimbo la Kati likawekewa sharti la ziada: Mkikuyu, Mwembu au Mmeru alihitaji cheti cha uaminifu kwa serikali, kwa sababu ya uasi wa Mau Mau. Wakikuyu wengi wakaachwa nje, Wameru wakawa wengi daftarini, na Bernard Mate, Mmeru, akachukua kiti.

Baada ya uhuru alikwenda wapi?

Ikulu, kwa Kenyatta, akisimamia shughuli za nyumba hiyo.