Mlango wa ghorofa ya 9

Mhariri, habari za kazi. Swali lenu la wiki hii limeninyima usingizi. Mmeuliza kwenye yale mageuzi ya Marekani ya mwanzoni mwa karne ya 20 nani apewe sifa zaidi, wanasiasa kama marais Theodore Roosevelt na Woodrow Wilson, waandishi wa magazeti waliofichua uozo, au matajiri waliotoa mapesa yao kujenga maktaba. Na mimi nauliza, mafundi cherehani mmewaacha wapi? Mbona hawamo?

Naongea hivi kwa sababu nimeshona. Nimeshona miaka minne kwenye kiwanda kimoja hapa Dar, sitakitaja, mashati ya kwenda Marekani kwa ule mpango wa AGOA, wa kuingiza bidhaa za Afrika Marekani bila ushuru. Mimi nilikuwa kwenye kola. Jioni tulikuwa tunatoka kwa mlango mmoja tu, foleni ndefu, mlinzi anapekua mikoba, anakung'uta mpaka khanga asije mtu akaondoka na shati. Mlango wa nyuma ulikuwepo, una kibao cha kijani juu, ila una kufuli na ufunguo anakaa nao supavaiza. Sasa siku moja tuko ovataimu, kontena linatakiwa bandarini, ikapiga shoti ya umeme upande wa pasi na vile vipande vya vitambaa vilivyorundikwa chini vikashika moto. Moshi ulikuwa mweusi, unanuka kama nywele zinaungua. Sisi wa kola tulikuwa nyuma kabisa kwa hiyo tukakimbilia kibao cha kijani, tukafika kama thelathini hivi tunasukumana, na mama mmoja wa laini yetu akachukua mkasi mkubwa wa kukatia akawa anagonga lile kufuli, anagonga huku analia anataja majina ya watoto wake mmoja mmoja. Supavaiza akaitwa, akajipapasa mfukoni, ufunguo hana, kauacha ofisini. Vijana wa pasi ndio waliouzima ule moto kwa mtungi, haikufika hata dakika kumi, hakufa mtu. Tukaambiwa haya akina dada rudini kwenye mashine tageti haijafika. Tukarudi. Kesho yake tukakuta kufuli jipya, maana lile la kwanza lilikuwa limepinda, na hakuna hata mmoja wetu aliyefungua mdomo, mimi nikiwemo.

Kwa hiyo niliposoma habari za kiwanda cha nguo cha Triangle cha New York nilijua kila kitu kabla sijafika mwisho. Jumamosi tarehe 25 Machi 1911, saa kumi na nusu jioni imepita kidogo, watu wanakaribia kutoka, moto ukaanzia ghorofa ya 8 kwenye mabaki ya vitambaa. Ghorofa ya 10 walipigiwa simu, na wenye mali wenyewe, Max Blanck na Isaac Harris, walikuwa huko wakapandia juu ya paa wakapona. Ghorofa ya 9 hawakuambiwa. Mlango mmoja wa ngazi ulikuwa umefungwa ili wote watokee upande mmoja wakapekuliwe mikoba. Ngazi ya kikosi cha zimamoto ilifika ghorofa ya 6 tu. Wakafa watu 146, wengi mabinti wa Kiyahudi na Kiitaliano, na wengine waliruka dirishani.

Na hawa walishasema! Novemba 1909 binti wa miaka 23, Clara Lemlich, alisimama mkutanoni akasema kwa Kiyidi, lugha ya Wayahudi wa Ulaya, amechoka na hotuba, wagome, na wakagoma mafundi kama 20,000 wa mji ule, wakapigwa, wakawekwa ndani. Triangle nao walikuwemo. Ndio maana nilianza kuandika nikiwa na hasira na orodha yenu.

Lakini nikiwa naandika hapa nimekumbuka ule mgomo uliishaje pale Triangle. Walirudi kazini mwaka 1910 bila tajiri kuutambua umoja wao na mlango ukabaki vilevile. Ujasiri walikuwa nao kuliko sisi, ila ufunguo haukuwa wao. Aliyeugusa ufunguo ni Frances Perkins, dada mtetezi wa wafanyakazi aliyekuwa anakunywa chai jirani siku ile akakimbia kuangalia akawaona wanavyoruka. Jimbo lilipounda tume ya kuchunguza viwanda, ya akina Robert Wagner na Al Smith, wanasiasa wa bunge la jimbo, yule dada aliwapeleka viwandani wakaone kwa macho, na huyo Wagner, Perkins alimfanya apite kwenye kitundu cha ukutani kilichoitwa njia ya dharura, kinatokea kwenye ngazi ya chuma yenye barafu inayoishia futi 12 kabla ya ardhi. Heshima zake zote, katambaa! Mpaka 1914 zikapita sheria zaidi ya 30, na kabla ya hapo 1912 saa za kazi za wanawake zilishashushwa hadi 54 kwa wiki.

Basi nikibanwa nichague kwenye orodha yenu nachagua wanasiasa, ingawa sio marais, ni wa jimbo, na tena ni wale wa Tammany Hall, kundi la chama cha Democratic mjini New York lililojulikana kwa kununua kura. Sikupanga kuandika hivi. Na msinielewe vibaya, sheria peke yake nayo nina mashaka nayo, maana Blanck na Harris mahakama iliwaachia Desemba 1911 kwa kuwa haikuthibitika kwamba walijua mlango umefungwa saa ile, na mwaka 1913 Blanck huyohuyo akakamatwa kwenye kiwanda kingine amefunga mlango tena wafanyakazi wakiwa ndani. Faini dola 20.

Kwa hiyo hesabuni kura yangu kwa Al Smith na Wagner, ila Frances Perkins aandikwe juu yao, na wale wa 1909 waandikwe kwanza kabisa, hata kama kwenye swali lenu hamkuwawekea nafasi.