Kwa nini wahakiki waliipenda Clerks

Umeuliza kwa nini filamu ya Clerks ya Kevin Smith (1994) ilisifiwa hivyo, wakati picha ni nyeusi na nyeupe na kamera haisogei. Walichosifu ni maneno. Dante, muuzaji wa duka, na rafiki yake Randal, wa duka la video jirani, wanajadili upuuzi kwa umakini wa mawakili: je, makandarasi waliokufa kwenye Death Star ya pili (kituo cha kivita cha angani katika filamu za Star Wars), kabla ujenzi haujaisha, walikuwa na hatia? Mteja, fundi wa mapaa, anaingilia kwa hoja kwamba mkandarasi huchagua kazi anayoipokea, na utani unageuka kuwa suala la kweli. Ukali wa maneno hayo unamfikia hata Dante: mwishoni Randal anamwambia wazi kwamba shida zake amejitakia.

Huo uduni wa picha una sababu. Bajeti ilikuwa kama dola 27,575, na walipiga usiku, kwa sababu mchana duka walimopigia lilikuwa linauza. Ndiyo maana hadithi inasema vitasa vya shata vimezibwa kwa bigijii: ikifunguka tu, giza la nje litaonekana. Kupiga bila rangi kuliwaondolea pia kazi ya kulinganisha rangi za taa tofauti.

Tamasha la filamu la Sundance liliituza 1994. Bodi ya ukadiriaji ya Marekani iliipa kwanza NC-17 (daraja la watu wazima tu) kwa sababu ya maneno tu, ikashushwa hadi R (walio chini ya miaka 17 huingia wakiwa na mtu mzima) baada ya rufaa. Kwa hiyo usiiwashe mbele ya watoto. Washa maandishi ya chini; wanaongea haraka mno, na utani mzuri hupita katikati ya sentensi.