Maswali ya Wasomaji: Mawe ya Mirihi na Mawe ya Menengai

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mara kwa mara tunasoma kwamba gari la roboti limepata kwenye sayari ya Mirihi jiwe la volkeno, au jiwe lililowahi kukaa majini. Sisi tunaoishi karibu na volkeno ya Menengai huyatambua mawe yetu kwa kuyashika na kuyavunja. Jiwe ambalo hakuna binadamu aliyeligusa linatambuliwaje? Na je, lipo lolote linalofanana na haya yetu? (Msomaji, Bahati, Nakuru)

JIBU: Ndugu msomaji, roboti nazo huyavunja, ila kwa namna yao. Gari la Curiosity, lililotua Mirihi katika kreta (shimo kubwa la mviringo) ya Gale mwezi wa Agosti 2012, hulenga jiwe kwa leza kutoka umbali wa hadi mita 7, na chembe zinazochomwa hutoa mwanga ambao rangi zake huonyesha ni elementi zipi zilizomo. Hata hivyo, kujua elementi pekee hakutoshi, kwa kuwa elementi zilezile zinaweza kuunda madini tofauti. Ndiyo maana gari hilo pia hutoboa jiwe, likachukua unga wake na kuupitishia miale ya eksirei, ambayo hufichua jinsi atomi zilivyojipanga. Ni kwa njia hiyo kwamba unga uliotobolewa mwanzoni mwa 2013 ulionekana kuwa na madini ya mfinyanzi, ambayo kwa kawaida hujiunda penye maji, na wanasayansi wakahitimisha kuwa mahali pale palikuwa na ziwa. Umbo nalo ni ushahidi: kokoto za mviringo zilizopigwa picha huko mwaka 2012 zilikuwa kubwa mno kubebwa na upepo, kwa hiyo zililainishwa na mto.

Swali lako la pili ndilo lililonivutia zaidi. Mnamo Septemba 2012 Curiosity ilipima jiwe lenye umbo la piramidi, lililopewa jina la mhandisi Jake Matijevic, aliyefariki mwezi uliotangulia. Lilikuwa na sodiamu na potasiamu nyingi, na magnesiamu kidogo kuliko mawe ya volkeno yaliyokuwa yamepimwa Mirihi hadi wakati huo, na watafiti wakalifananisha na mawe ya visiwa vya baharini na ya mabonde ya ufa. Mawe ya Menengai, ambayo mengi yake ni trakiti (aina ya jiwe la volkeno), nayo yana sodiamu na potasiamu kwa wingi. Nisingesema ni jiwe lilelile, maana trakiti ina silika (muungano wa silikoni na oksijeni) zaidi, lakini ukoo wa kikemia unakaribiana, ingawa Mirihi haijulikani kuwa na mabamba ya ardhi yanayoachana kama yanavyoachana hapa kwetu.

SWALI: Kuna jiwe lolote la Mirihi lililokwisha kufika duniani? (Msomaji, Kisumu)

JIBU: Lililoletwa na roboti, hakuna, gari la Perseverance limehifadhi vipande vya mawe katika mirija, lakini bado viko kulekule. Yaliyofika yalianguka yenyewe kama vimondo, likiwemo la Nakhla lililoanguka Misri mwaka 1911. Asili yake ilithibitishwa baadaye, pale gesi iliyonaswa ndani ya kimondo kingine cha jamii hiyo ilipolingana na hewa ya Mirihi iliyopimwa na vyombo vya Viking vilivyotua huko mwaka 1976.